Tumbo la Baba Mdogo

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na kazi, jambo ambalo leo, pamoja na digrii yangu, siwezi kulisema. Kazi yenyewe ilikuwa kulitazama tumbo la baba mdogo Eliya kila jioni akirudi nyumbani, nione kama limeanza kuvimba. Nililiombea livimbe. Kanisani kabisa, macho nimefumba, wakati mchungaji anatuombea mvua.

Tuliishi Omurushaka, kando ya barabara, katika nyumba ambayo watu walielekezana kwayo: pita nyumba ya milango miwili, kata kushoto. Ilikuwa ya zamani kuliko zote pale mtaani. Paa moja la bati lenye kutu, baraza moja refu, milango miwili ya mbele. Upande wa kulia sisi, Wanyambo, Walutheri. Upande wa kushoto familia ya Bibi Veronika, Wakatoliki, ambao babu yao alikuja kutoka Rwanda kabla baba yangu hajazaliwa. Katikati palikuwa na mlango mdogo ambao sikuwahi kuuona na kufuli. Konsolata, mjukuu wa Bibi Veronika, aliupita asubuhi kuja kunywa uji kwetu. Mimi niliupita mchana kwenda kula maharage kwao, maana ya kwao yalikuwa matamu, na ya mama yangu, Mungu amsamehe, yalikuwa adhabu. Nje kulikuwa na honi za mabasi ya Bukoba na Kyerwa, wanunuzi wa kahawa wanabishana na wakulima, redio ya gesti inapiga tangu alfajiri. Ndani tulikuwa watu wa nyumba moja.

Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyenieleza kwa nini. Babu yangu na babu wa Konsolata walikula omukago, ule udugu wa damu. Ukipasua tunda la kahawa unakuta buni mbili zimelala uso kwa uso. Basi walipasua tunda moja, kila mtu akachanjwa kidogo pembeni ya kitovu, buni zikapakwa damu, kila mmoja akameza ile yenye damu ya mwenzake. Wakaapa: nikiulizwa kama nakujua, sitasema sikujui. Halafu wakajenga nyumba kama lile tunda.

"Na mtu akisema hamjui?" nilimwuliza.

"Tumbo linavimba, mwana wange. Buni bado imo humo ndani. Inavimba mpaka anakwisha."

"Lakini babu alishafariki."

"Buni inarithiwa na nyumba nzima, kama shamba la migomba," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Mchungaji angesikia angetuhubiria wiki nzima. Lakini mchungaji hakuwa akilala chini ya paa lile.

Kisha ikaja lami. Lami ilipofika Omurushaka, wanaume wakaanza kuzitazama nyumba za kando ya barabara kwa jicho la mtu anayetazama nyama. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo mkubwa wa upande wetu alikuwa baba mdogo Eliya, na Eliya alitaka fremu za maduka kutoka kona hadi kona. Upande wetu peke yake haukumtosha. Akaenda kwa mwenyekiti akasema wale wa kushoto ni wageni waliohifadhiwa na marehemu baba yake kwa huruma, hawana karatasi ya kiwanja wala ya uraia, na muda wao umekwisha. Karatasi kweli hawakuwa nazo. Sisi pia hatukuwa nazo, lakini hilo hakuna aliyeliuliza.

Bibi alipopata habari alimwita Eliya barazani, akamwambia mbele yetu wote, bila kupaza sauti, kwamba anachezea tumbo lake. Eliya akacheka. Akasema mambo ya buni ni ya wazee wasiojua dawa za minyoo. Siku hiyo ndiyo niliyoanza kazi yangu.

Kesi ilisikilizwa mchana, nje ya ofisi ya kijiji. Sisi watoto tulikaa kwenye nyasi, mimi na Konsolata tukigawana muwa. Hatukuwa na wasiwasi hata kidogo. Bibi yangu ndiye mtu pekee aliyebaki upande wetu aliyeiona nyumba ile ikijengwa, na Bibi alikuwa upande wao. Angesema neno moja twende zetu nyumbani. Nisichokijua ni kwamba asubuhi ile Eliya alimpigia magoti chumbani. Mama yangu aliyasikia maneno yao na akaniambia nilipokuwa mkubwa. Eliya alisema ameshaapa na kuweka dole gumba, na mama yake akimkana mbele ya watu atafungwa.

Mwenyekiti alimwuliza kwa heshima zote. "Shikamoo mama. Wewe ndiye mkubwa wetu hapa. Familia hii ya Veronika unaijua? Iliingiaje katika nyumba ile?"

Bibi alimtazama Eliya. Kisha akatazama mikono yake mwenyewe, kana kwamba jibu liko kwenye kucha.

"Mimi ni mzee," akasema. "Siwajui."

Bibi Veronika hakulia wala hakubisha. Alisimama, akakung'uta nyasi kwenye kitenge chake, akamwita mjukuu wake kwa Kinyarwanda. Konsolata aliondoka na kipande chake cha muwa mkononi. Walihamia Bugomora, kwa ndugu waliokuwa wakilima huko, na kabla Jumapili haijafika Eliya akawa ameziba mlango wa kati kwa matofali.

Nikakaza macho kwenye tumbo lake. Na jamani, tumbo likavimba! Fremu ya kwanza ilipopata mpangaji lilivuka mkanda. Ya pili ilipojaa shati likaanza kukosa vifungo. Nilifurahi kwa moyo wangu wote. Hakuna aliyeniambia kuwa kile ni kitambi cha mishkaki na pombe ya rubisi, kwamba mtu anaweza kuvimba kwa raha.

Bibi je? Bibi hakuna aliyekuwa akimtazama. Siku moja aliniomba nimsaidie kufunga kanga. Nikavuta ncha hii, nikavuta ile, hazikufikiana. Miguu yake ilikuwa myembamba kama siku zote. Tumbo lilikuwa la mtu mwingine. Nikavuta tena kwa nguvu, mpaka akanishika mkono.

"Ulikuwa unatazama tumbo la nani siku zote hizi, Koku?" akaniuliza. Nikaziachia ncha za kanga. "Ulipotea njia, mwana wange. Aliyeulizwa ni mimi."

Hospitali walisema ini. Walimtoa maji, yakarudi, wakayatoa, yakarudi. Bibi hakutaka kusikia habari ya ini. Alitaka Veronika aje. Mama akapanda basi hadi Bugomora na akarudi peke yake, na kifurushi cha jani la mgomba. Ndani yake kulikuwa na akamwani, kahawa ya kutafuna, ile ambayo huku kwetu mgeni akiingia anapewa kabla ya maneno. Veronika hakutuma salamu nyingine. Bibi aliinusa, akaifunga tena katika jani lake.

"Amenipa ya mgeni," akasema. Hakuitafuna. Tulimzika nayo.

Leo nyumba yote ni fremu za maduka: saluni, duka la simu, duka la pembejeo. Eliya ni mzee wa kanisa na tumbo lake linamtangulia kila aendapo. Mimi ninakaa barazani kwake na shahada yangu, nafagia, na kila ninapopeleka barua ya kazi naulizwa swali lilelile: unamjua nani pale ndani? Simjui mtu. Nchi hii ina omukago wake, ila katika huo hakuna wa kwetu aliyewahi kuchanjwa kitovuni.

Msimu uliopita wa maharage, mwanamke aliteremka na gunia kutoka kwenye basi la Kyerwa, mtoto mgongoni. Mnunuzi mmoja, jirani yetu, akamzungusha. Maharage mazuri hivi umeyatoa wapi, dada, nani anakujua hapa? Nilimtambua kwa jinsi alivyosimama bila kujitetea. Nikateremka barazani mbio, ufagio mkononi, nikasema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia: "Mimi namjua. Huyu ni Konsolata. Tumelelewa nyumba moja."

Konsolata alinitazama. Akaitazama nyumba nyuma yangu, kuanzia kona hadi kona.

"Huyu simjui," akamwambia mnunuzi. Akajitwisha gunia, akaenda kwa mnunuzi wa mbele.

Nimesoma, najua ini ni nini. Naweza kukueleza maji yanajaaje tumboni, na sitataja buni hata mara moja. Lakini kila asubuhi ninapofunga kanga, kabla sijashika ufagio, nazivuta ncha zote mbili taratibu na kusubiri kuona kama zitafikiana.