Wifi na Masizi ya Bunduki

Wifi yangu hakupanda milimani kwetu Chome kunisalimia, alipanda kunikagua. Mume wangu, mgambo wa kijiji chetu cha ujamaa, alikuwa amekabidhiwa bunduki ya kufukuzia nguruwe shambani. Wifi alipouona mtutu mweusi akacheka: "Nyumba ina mke, na bunduki ina masizi!"

Nikamwambia weusi ule ni rangi ya kiwandani, unazuia kutu, sisi tunaupaka mafuta tu. Akajifanya hasikii, mwanamke yule. Akachukua majivu na gunzi, akausugua mtutu kama sufuria hadi ukawa mweupe.

Ukungu wetu haukungoja hata wiki. Mtutu ukaota kutu. Mume wangu alipofoka, wifi akanikazia macho.

"Kaka, mimi niliuacha unang'aa. Muulize mkeo."