Pointi za Mutiso

Jambo hili nililiona kwa macho yangu, tena jua likiwa halijazama vizuri, kwa hivyo usiniambie nilikuwa ndotoni.

Miaka ya tisini rafiki yangu Mutiso alikaa Makadara, katika nyumba iliyopakana na reli. Kazi yake ilikuwa kugeuza pointi, zile ndimi za chuma zinazoiamulia treni ishike njia ipi. Nyumbani nako alikuwa amejenga reli ndogo mezani, mabehewa kayachonga mwenyewe, na pointi zake alizisukuma kwa kidole. Halafu binamu yake akamletea kutoka ng'ambo kisanduku cha kidijitali: ukibonyeza namba, pointi inageuka yenyewe. Wiki ile alikuwa akifungasha vitu. Alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Voi, alikokuwa mkewe na binti mchanga ambaye Mutiso alikuwa bado hajamwona.

Tulikuwa tunakichezea kile kisanduku tukasikia hodi. Akaingia mzee mwenye koti la kaki, mikono imejaa grisi.

"Hicho kiredio ni cha nini?"

"Ni rimoti, mzee. Unabonyeza namba tu."

"Na ikikwama katikati, utaipigia simu?"

Mutiso akacheka, akabonyeza. Kimya. Mzee akanyoosha kidole, akasukuma pointi moja. Tak. Na kule nje, nyuma ya nyumba, tukasikia chuma kizito kikigeuka. Akasukuma nyingine. Nje ikaitika. Wewe ungekimbia? Mimi niliinama nione kama ana waya mkononi. Hakuwa nao.

Akanigeukia. "Nimekuachia."

"Asante, mzee," nikasema, nisijue ameniachia nini.

Akanitazama kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo. Akamgeukia Mutiso. "Nimekuachia."

"Nimepokea," akajibu Mutiso.

Niamini, lilimtoka bila kufikiri. Ndivyo wageuza pointi walivyopokezana zamu: anayetoka haondoki mpaka mwenzake atamke neno hilo. Mzee akanyoosha mgongo, akatoka. Nilimfuata papo hapo. Uani hapakuwa na mtu, na geti lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Kesho yake Mutiso alianza kuing'oa ile reli aifungashe. Alipoinua pointi ya kwanza, nje chuma kikagonga, na treni ya mizigo ilikuwa inakuja. Akairudisha haraka, akaikandamiza kwa kidole hadi behewa la mwisho likapita.

Voi hakwenda. Kisanduku hakikuwaka tena. Mkewe alipokuja na mtoto alimkuta ameinamia meza, akamwambia, "Baba Mueni, chagua." Treni ilikuwa inapita. Hakuthubutu hata kugeuza shingo. Mama Mueni akambeba mtoto, akarudi Voi.

Nimetangatanga kwingi tangu hapo. Nikipita Makadara humsalimu nikiwa mlangoni tu, kwa sababu naona anavyonitazama, na najua anachotafuta. Nawe mtu wa mvi akikualika huko uione treni yake, itazame utakavyo. Akikwambia amekuachia, funga mdomo, uende zako.