Timu Iliyokataa Kufiwa

Kutoka Nakivale kwenda Mbarara ulihitaji karatasi, na karatasi ilihitaji sababu. Karani wa makazi yetu ya wakimbizi alikubali mbili tu: ugonjwa au msiba. Basi sote tulikuwa na ndugu wa kufa. Mtu akitaka kuuza maharage mjini, anamzika shangazi. Akitaka viatu, babu anakata roho. Mimi nilimuua mama yangu mara mbili kwenye karatasi, naye yuko nyumbani Rubondo, mtaa wetu humo makazini, anapepeta mtama. Tena ni yeye aliyenifundisha kujiliza vizuri mbele ya karani.

Alipofariki kweli, hospitalini Mbarara, nilikwenda kuomba ruhusa. Karani akafungua daftari, akacheka. "Wewe, mama yako nakufa mara ngapi?" Mpaka aje kuniamini, siku mbili zilikuwa zimepita, na mama amezikwa bila mimi. Nilimchukia yule mtu, kisha nikajichukia mwenyewe. Nikaapa sitasema tena uongo mbele ya meza ile.

Timu yetu ya mpira wa kikapu ilianza mwaka uliofuata. Tulikuwa wanawake wanane, na pete ya goli ilikuwa ukingo wa pipa. Vumbi la Rubondo halirudishi mpira, kwa hiyo kuudundisha hatukujua. Tulijua kupasiana, na tulipasiana kwa kasi ya kumtia mtu kizunguzungu. Hajati mmoja wa Mbarara, mwenye duka la vitambaa, alikuja kununua maharage, akatuona. Alitupa kitambaa cha kijani cha kushonea jezi, akatusemea kwenye ligi ndogo ya mji. Jibu likaja: mechi ya kwanza Jumamosi, na wanawake wa kambi ya jeshi. Timu isiyofika itafutwa.

Mimi ndiye nahodha, kwa hiyo karatasi ya timu nzima niliijaza mimi. Kwenye sababu nikaandika: kucheza mpira wa kikapu.

Karani akasoma, akajikuna shingo. Siku hiyo hata hakuwa na ubaya.

"Mama, hiyo hapana sababu. Andika mazishi, mimi nasaini, mnaenda. Kwisha."

"Nani amekufa?"

"Mtu yeyote!"

"Hakuna aliyekufa. Tunakwenda kucheza."

Akanirudishia karatasi. Nje, mwenzetu mrefu kuliko wote, aliyekuwa akifunga magoli mengi kutuzidi sote, alinishika mkono.

"Dada, andika tu msiba. Batu bote banaandika vile. Ni karatasi tu."

"Karatasi hiyo ndiyo iliyoninyima kumzika mama yangu."

"Mama yako alisha kufa, dada. Miye niko muzima, na miye nataka kucheza."

Lakini nilirudi kwa karani mara tatu wiki ile na maneno yaleyale, na mara tatu akayakataa. Nilimwambia sisi si wagonjwa wala wafiwa. Tuna afya zetu, tunataka kwenda mjini kucheza, na kama serikali haina mstari wa kuandika hilo, iuchore. Akasema nina kichwa kigumu. Nikamwambia amechelewa kujua.

Jumamosi ikaja, ikapita. Tukafutwa kabla ya kurusha mpira hata mmoja.

Wengine walinisamehe, au walichoka kununa. Yule mrefu hakunisamehe. Aliolewa mbali, akaacha jezi yake mlangoni pangu, imekunjwa vizuri, haijavaliwa. Nasikia hakucheza tena. Hasira yake ni haki yake, sijawahi kumbishia. Lakini nirudisheni leo mbele ya meza ile, na yeye amesimama nyuma yangu analia, nitaandika vilevile.