Sheria ya Kutoonja

Sheria ilikuwa yangu. Nasema hivyo mapema kwa sababu baadaye wenzangu kanisani walijaribu kunitetea, wakidai tuliipitisha sote kwa kuinua mikono. Ni kweli mikono iliinuliwa, lakini aliyeyaandika maneno yenyewe kwenye daftari la akina mama ni mimi, na aliyewakazia macho mpaka wakainua ni mimi vilevile. Ilisema hivi: tukienda kumwona mgonjwa, hatuonji kitu nyumbani kwake, hata maji.

Ilikuwa na sababu nzuri. Mwaka mmoja kabla ya hapo tulimtembelea mzee mmoja wa mtaa wetu wa Jamhuri aliyekuwa amevunjika mguu. Tulikwenda watu kumi na wanne. Tukaimba, tukaomba, tukaletewa chai, na kwa kuwa maombi marefu huleta njaa, tukamaliza mkate, maziwa na mayai aliyokuwa amewekewa mgonjwa mwenyewe. Mkewe alitusindikiza mpaka langoni akitabasamu, na lile tabasamu lilinikera wiki nzima. Niliapa kwamba hatutamfanyia mtu mwingine vile.

Kwa hiyo mama mmoja wa kanisa letu, mkazi wa mtaa jirani wa Woodley, alipougua, tulikuwa tayari. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mtu wa magharibi mwa Kenya, aliyekuja Nairobi akiwa msichana na kushona mapazia Ngara miaka mingi katika duka la Wahindi. Watoto wake wote wawili wanafanya kazi ng'ambo. Alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari alisema ungetolewa, lakini si akiwa katika hali ile, kwa maana alikuwa amekonda mno na damu yake ilikuwa chini. Alimpa wiki sita za kula vizuri. Akirudi kliniki bila kuongeza uzito, hawatathubutu kumpasua, na uvimbe wenyewe haukuwa wa kungoja.

Mimi nilisikia neno "kula" nikafurahi. Maradhi siyawezi, lakini kupika nakuweza. Nilipanga zamu jioni hiyo hiyo: kila mchana mmoja wetu, pamoja na yeyote mwenye nafasi, apeleke chakula moto kwenye hotipoti, na siku zangu ziwe Jumatano na Jumamosi. Nafanya kazi katika ofisi moja katikati ya mji, na mkubwa wangu alikubali nitoke mapema Jumatano bila kuuliza maswali, labda kwa sababu ananijua nikikataliwa jambo.

Tukaanza. Tulimnawisha mikono, tukampakulia, tukaomba, kisha tukaketi kumwangalia akila. Alikula vijiko vitatu, vinne, akashukuru sana, akasema iliyobaki ataimaliza jioni. Kila mara alishika mkono wa kiti ili ainuke.

"Ngoja niwawekee chai."

"Kaa, Mama," nilimwambia. "Hatukuja kunywa chai. Tumekuja kukuhudumia."

"Hata kikombe moja tu?"

"Hata kimoja."

Nilimrudisha kitini kwa upole, na nikirudi nyumbani kwangu Jamhuri nilijisikia mtakatifu. Sitaficha hilo. Nilikuwa nikivuka Barabara ya Ngong na hotipoti tupu ya juzi kwenye kikapu, nikidhani Mungu ananitazama kwa furaha.

Wiki ya nne tulimpeleka kwenye duka la dawa lenye mizani. Alikuwa amepungua kilo mbili.

Niliogopa. Usiku ule sikulala vizuri, na woga wangu huwa hauchelewi kugeuka hasira. Kwanza nilimlaumu kimoyomoyo dada wa zamu ya Alhamisi, ambaye maharagwe yake nayajua. Kisha nikaongeza supu ya mifupa kwenye siku zangu. Nikaagiza kila mtu azidishe kipimo. Mgonjwa akaendelea na vijiko vyake vinne, akishukuru.

Ijumaa ya wiki ile ofisi ilinituma Ngara kupeleka karatasi fulani. Nilimaliza mapema, nikaamua kupitia Woodley kuchukua hotipoti yangu. Mlango ulikuwa wazi. Mezani kulikuwa kumetandikwa kitambaa cheupe chenye maua ya kushonwa, ambacho sisi hatukuwahi kukiona, na kwenye kiti nilichozoea kukalia mimi alikuwa ameketi soja, mlinzi wa lango la pale, kofia magotini, akila nyama niliyoipika mimi Jumatano. Kando yake kulikuwa na kikombe cha chai. Mama alikuwa mbele yake, mtungi wa maji ya kunawa ukiwa bado karibu na mguu wake.

"Hii ni nini?" nilisema, na sauti yangu ilifika kwa majirani. "Hiyo chakula ni ya mgonjwa!"

Soja alisimama mara moja. "Pole, madam. Ni Mama aliniita."

"Na wewe ukakubali? Mtu anaumwa hivi?"

Alitoka bila kumaliza, akishika kofia yake. Mama alimsindikiza mpaka mlangoni, hatua kwa hatua, akishikilia ukuta. Aliporudi aliketi, akakunja kile kitambaa mara nne.

"Umefukuza mgeni kwa nyumba yangu," alisema. Hakupaza sauti. Kisha akaomba nimwache apumzike.

Nilifika nyumbani nikifoka. Nilimsimulia mume wangu yote huku nikikata vitunguu kwa nguvu zisizohitajika: jinsi tunavyojitahidi, jinsi watu kumi wanavyoacha shughuli zao, na kumbe nyama inaishia kwa soja. Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Alisubiri nivute pumzi.

"Na yeye Mama alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa ameketi hapo, si nimekwambia, na sahani yake..."

Sahani yake niliiona tena vizuri kuliko nilivyoiona mchana. Ilikuwa karibu tupu. Vidole vyake vilikuwa na mchuzi, na alikuwa ameshika tonge la ugali nilipoingia. Alikuwa anakula. Kwa wiki nne zote sikuwahi kumwona na tonge mkononi, kwa sababu sisi tulimpa kijiko na kumkodolea macho.

Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi. Nilikuwa nimempelekea chakula na maombi na nyimbo, na sikuwa nimemwangalia hata siku moja, ingawa kazi yangu ilikuwa kumwangalia. Nilimwona mgonjwa tu, si mwenye nyumba anayekaribisha wageni. Na huyo Bwana tunayemwimba, nilikumbuka, aliingia nyumba za watu akala walichompikia, na aliposikia kiu aliomba maji kwa mwanamke kisimani. Mimi nilikuwa nimemzidi kwa sheria.

Jumamosi nilikwenda bila hotipoti. Nilibeba kuku aliyekwisha kunyonyolewa, unga wa wimbi, na fungu la mrenda, zile mboga za kuteleza ambazo watu wa kwao huzipenda na sisi wa Kiambu hatujui hata pa kuanzia. Niliweka mfuko juu ya meza.

"Mama, sijakula tangu asubuhi. Nina njaa."

Aliuvuta mfuko karibu. Akaufungua mfuko, akakagua kuku, akanusa mboga.

"Mrenda ni ya jana hii," alisema. "Lakini itaenda." Akaelekeza kidole mlangoni. "Kwanza enda umuite yule."

Nilijua anamsema nani. Nilitembea mpaka langoni, mama mzima mwenye daftari la kanisa, nikasimama mbele ya soja nikamwomba msamaha. Nilisema nilimkosea, na kwamba Mama anamwita mezani, na mimi pia namwita. Alicheka kidogo kwa haya, akasema hakuna shida, akamwomba mwenzake amshikie lango kwa muda.

Mapishi yalichukua saa mbili. Nilitaka kukata, nilitaka kukoroga, nilitaka kuosha. Kila nilipoinuka niliambiwa nikae. Niliruhusiwa kuinua sufuria tu, kwa kuwa ilikuwa nzito. Mara mbili alilazimika kuketi, jasho likimtoka, na ilinibidi nijishike nisimpokonye mwiko. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile ya kukaa kitini.

Kisha akaleta mtungi na beseni. Mtungi ulimlemea, maji yakamwagika kwenye sketi yangu, nami nikanawa. Akampa soja firigisi, kwa sababu yeye ndiye mwanamume wa meza, akanipa mimi paja. Mrenda ulinitoroka vidoleni kila nilipojaribu kuuchota kwa ugali, ukanining'inia kidevuni, na Mama akacheka mpaka akashika tumbo lake na kusema linauma. Akala. Akajiongezea bila kuombwa.

"Nyinyi watu," alisema baadaye, akiwa anachokoa meno, "mnakuja hapa kila siku, mnakaa, mnaniangalia nikikula. Mimi ni mtoto? Huko Ngara tulikuwa tunakula lunch watu sita. Mtu akikula peke yake na watu wamemuangalia, chakula inakataa kushuka."

"Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia. Nilisema niwawekee chai."

Nilimwambia anisamehe, akasema nimalize mboga.

Jumapili nilisimama mbele ya akina mama nikaifuta ile sheria kwa kalamu nyekundu, na safari hii sikumkazia mtu macho. Kwa wiki mbili zilizobaki, kila mchana mmoja wetu alikwenda Woodley akiwa na mboga mbichi na tumbo tupu. Dada wa Alhamisi alirudi akisema amefundishwa kupika maharagwe.

Siku ya kliniki nilimpeleka mimi. Muuguzi alimpandisha kwenye mizani, akaandika, akampandisha tena ili ahakikishe. Daktari alisoma namba ya damu, kisha ile ya uzito, akatugeukia akiwa na uso mchangamfu. Alinitazama mimi.

"Hii ni kazi nzuri," alisema. "Mmekuwa mkimlisha nini?"

Nilifungua mdomo. Mama alinishika mkono.

"Hapana, daktari," alisema. "Ni mimi nimekuwa nikiwalisha. Hawa watu walikuwa na njaa."

Daktari alidhani ni mzaha, akacheka, akaandika siku ya upasuaji. Mimi nililia pale pale mbele yake, na Mama akanipa leso yake nijifute.