Mawimbi ya Gitaa la Nikolausi

Onesphory ni fundi seremala wa Gendabi, na ndiye mpiga gitaa wa kwaya ya kigango. Kwa hiyo haikushangaza mtu Mama Fabiola alipomletea gitaa la mwanawe, akiwa amelifunga kwenye kitenge.

Mwana huyo, Nikolausi, alifariki eneo la Jorodom, siku tope liliposhuka kutoka mlimani. Gitaa lilikutwa chini ya kabati, limelowa, uso wake, ule ubao wa mbele, umeachia gundi upande mmoja. Uso huo ulikuwa wa mbao yenye mawimbi. Ukiligeuza gitaa kwenye mwanga, mistari ilionekana kama inatembea. Nikolausi alizoea kuufuta kwa mkono wa shati kabla ya kupiga. Mama aliomba jambo moja tu, lipigwe kwenye misa ya kumwombea.

Mbao iliyolowa hukaushwa kivulini, polepole. Onesphory alilijua hilo. Lakini alikuwa na milango ya watu ya kumaliza na misa ilikuwa inakaribia, akaubandua ule uso na kuuanika juani, juu ya bati. Aliporudi kutoka kula alikuta umejikunja na kupasuka vipande.

Hakumwambia mama. Alikata uso mpya kwa mbao ya paina, nyeupe, isiyo na urembo wowote. Akaupiga msasa mpaka ukateleza, akachovya kitambaa kwenye rangi ya kahawia, akavuta mistari myembamba ya kupindapinda kutoka ukingo hadi ukingo. Ilipokauka akaipunguza kwa msasa laini, kikabaki kivuli tu. Juu yake akapaka rangi ya asali, kisha vanishi, tabaka juu ya tabaka. Mawimbi yakatokea.

Mkewe, Scolastica, alilitazama, akauliza kama mama anajua. Onesphory akasema atamwambia misa ikishapita.

Mama Fabiola alipokuja kulichukua alipitisha kiganja juu ya uso ule, taratibu. "Jasho lake bado limo humu," alisema. Onesphory akainama kuokota randa.

Kwenye misa vidole vyake vilikosea mara kwa mara. Watu walidhani ni uchungu, wakaja kumshika mkono na kumshukuru, na kila aliyemshukuru alimwongezea mzigo. Baada ya hapo akawa anazunguka njia ya mbali kwenda mashineni kusaga, asipite kwa mama. Misa ilikuwa imeshapita, na bado hakusema.

Siku moja akachukua vile vipande vya uso wa zamani, ambavyo hakuweza kuvichoma, akaenda navyo. Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Hakukaa. "Mama, uso ulioko kwenye gitaa si ule wa Nikolausi. Wake niliuharibu mimi, niliuanika juani. Ule mwingine nimeuchora kwa rangi."

Mama alivipokea vipande, akavipanga mapajani. Akauliza kama mbao ilikuwa imeshaharibika na tope alipoileta. Onesphory angeweza kukubali, na nani angebisha? Akasema hapana, ilikuwa inatengenezeka.

"Ungeniambia siku ile ningelia, yakaisha," mama alisema. "Mimi siku zile nilikaa nikipapasa mbao ya dukani, nikidhani namgusa mwanangu."

Aliingia ndani na vile vipande. Onesphory alisubiri pale uani kwa muda, kisha akaondoka.

Gitaa, ambalo tangu misa lilikuwa kwa kwaya, halikurudishwa kwa mama. Mama alimwagiza Scolastica aseme libaki na kwaya, maana Nikolausi asingependa likae kimya. Jumapili anaitikia shikamoo ya Onesphory kama kawaida, ila misa ikiisha hakai tena nje kuongea naye.

Sasa pale mkono unapolalia, vanishi imeanza kutoka na weupe wa paina unaonekana. Wanakwaya wamemwomba apake upya. Hajapaka.