Nilivyomwombea Maziko Mjukuu Aliye Hai

Mjukuu wangu Neema alikuwa akikoroma mpaka pumzi inamkatika usingizini, ndipo tukatoka kijijini kwetu Olmotonyi kumpeleka hospitali mpya ya binafsi mjini akaondolewe tezi za kooni. Aliporudishwa wodini alilala kimya kabisa. Usingizi huo ndio niliomwomba Mungu miezi mingi, na ulipokuja sikuutambua. Mimi, mzee wa kanisa, nilivua kofia, nikawasimamisha akina mama wa vitanda jirani, nikaanza sala ya kuaga marehemu. Wawili wakalia.

Muuguzi akaja mbio. “Shikamoo, babu. Nani amekufa?”

Nikamwonyesha kitanda.

Akamgusa Neema kifuani. “Huyu? Mbona sasa ndiyo anapumua vizuri!”

Neema akafumbua jicho moja. “Babu,” akanong’ona, “punguza kelele, nimelala.”