Mgongo wa Mama

Kiangazi kile nilikuwa na miaka ishirini na moja, na tangu mama afariki sikuwahi kulala mbali na wadogo zangu watatu. Kwa hiyo mwalimu mmoja mchoraji kutoka Ruti, kule Mbarara, alipokuja Base Camp, mtaa wetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kuandikisha vijana watakaokaa wiki mbili kando ya ziwa wakichora tu, niliandika jina langu nikijua sitakwenda. Mdogo wangu anayenifuata ndiye aliyenisukuma. Wadogo zangu huniita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, enda. Bugali tunajua kupika."

"Mtaunguza."

"Tukiunguza, tutakula ya kuungua."

Kitinda mimba wetu hakucheka. Alikuwa msichana wa miaka kumi, mwenye maswali mafupi. "Kule banafundisha kuchora bantu?"

"Banafundisha."

"Basi uniletee sura ya mama."

Hatukuwa na picha ya mama hata moja. Zote zilibaki Kivu Kusini, pamoja na nyumba na kaburi la baba. Mama alifariki kwa homa mwaka wetu wa pili Nakivale, mtoto huyu akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Mimi niliacha shule darasa la sita nikashika jembe. Nikamwahidi kuwa nitaileta. Niliona ni ahadi rahisi, maana ni nani anayeweza kusahau sura ya mama yake?

Nikaenda. Mahema yetu yalikuwa chini ya migunga, hatua chache kutoka kwenye mafunjo. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya maji hadi jua lilipouondoa polepole, na ng'ombe wa Wanyankole walipokuja kunywa, pembe ndizo zilizotangulia kuonekana, ndefu, nyeupe, zikielea zenyewe; miili ilifuata baadaye. Viboko walikoroma mahali tusipopaona. Kwa siku tatu mwalimu hakutupa hata penseli.

"Kwanza ninyi naona," alisema kwa Kiswahili chao cha Mbarara. "Mikono nalala, macho nafanya kazi."

Sikuwahi kupewa saa nzima ya kukaa bure. Mikono yangu ilitafuta maharagwe ya kuchambua, ikaishia kung'oa majani. Siku ya kwanza nilisinzia. Siku ya pili nilisikia maji yakigusa matope, nikawa sijui kama nimelala au niko macho. Siku ya tatu nilimsahau kila mtu, hata wadogo zangu, na nilipozinduka niliona aibu kana kwamba nimeacha chungu motoni.

Siku ya nne tukapewa vitambaa vya magunia vilivyowambwa kwenye fremu za miti. Rangi tulizichimba wenyewe: udongo mwekundu wa kichuguu, udongo mweupe wa ziwani, makaa, majivu. Nilifurahi, kwa sababu udongo naujua. Nilichanganya wangu na samadi ya ng'ombe na majivu, kama wanawake wa kwetu wanavyosiriba nyumba, nikaupaka kwa kiganja, tabaka la kwanza, la pili, la tatu, nikiziba nyufa kwa kidole gumba.

Msichana wa Mbarara niliyelala naye hema moja alishika kiuno. "Dada, wewe napaka nyumba ama nachora picha?"

"Nyumba yangu haivuji," nikamjibu. "Ya kwako tutaona."

Juu ya ukuta ule nikaanza sura ya mama. Paji la uso nililipata, au nilidhani nimelipata. Pua nikaazima ya mdogo wangu anayenifuata. Nilipofika mdomoni, mkono ulisimama. Niliuchora, nikaufuta, nikauchora. Jioni nilimtazama yule mwanamke, nikaona ni mimi niliyefunga kitambaa kichwani. Kesho yake jua likaukausha udongo wangu mnene, na nilipoinua kitambaa sura yote ilianguka vipande vipande miguuni. Ukuta hausogei. Kitambaa kinacheza. Hilo sikulifikiria.

Msichana wa Mbarara hakucheka. Aliinama akanisaidia kuokota. Hapo ndipo nikalia. Nilikuwa nimemsahau mama, na mtoto nyumbani alikuwa ananisubiri nimlete.

Mwalimu alikaa chini, akakusanya sketi yake. Hakuniuliza mama alikuwa na sura gani. Aliuliza, "Wakati wewe naona mama, wewe nakaa wapi?"

"Nyuma," nikasema, kabla sijafikiri.

Kwetu, familia ikiwa safarini, mkubwa wa watoto hutembea mwisho, ili anayechoka au kuanguka asiachwe. Siku zote zile za kukimbia, mama alikuwa mbele na mtoto mgongoni, wadogo wawili katikati, mimi nyuma. Nilijua kisigino chake cha kulia kilichopasuka. Nilijua bega la kushoto lililoshuka, fundo la kitenge, jasho lililochora mstari shingoni. Na ndani ya kitenge nilijua kichwa kidogo, shavu limelala mgongoni pake, jicho moja wazi.

Mara hii nililegeza udongo kwa maji na utomvu wa mgunga, mwepesi kama uji wa mgonjwa. Nilichora siku tano. Nakumbuka ukungu, na mgongo ukitoka taratibu ndani ya ukungu ule, kama pembe za wale ng'ombe. Sikumwita. Alikuja mwenyewe, akienda.

Siku ya mwisho mwalimu alikuwa akikusanya picha. "Hii nakwenda Mbarara. Watu naona."

"Hapana, mwalimu. Iko na mwenyewe."

Alinitazama, kisha akanitafutia kamba ya kuifungia.

Nyumbani bugali ilikuwa imeungua kweli. Kitinda mimba alikunjua kitambaa kitandani, akaangalia muda mrefu.

"Sura iko wapi?"

"Sikuipata," nikasema. "Nilitafuta. Nimepata hii."

Akagusa kile kichwa kidogo ndani ya kitenge. "Huyu mutoto ni nani?"

"Ni wewe."

"Anaangalia nini?"

"Mimi. Nilikuwa nyuma yenu."

Alinigeukia, akanitazama usoni, kisha akalitazama lile jicho wazi la kwenye picha, kama mtu anayelinganisha vitu viwili.

"Njia yote?"

"Njia yote."

Akaenda kutafuta misumari ya kuitundikia.